Gauni la 1885 Lenye Mikono ya 1895

Nilikodi gauni hili kwa siku tatu kutoka duka moja la mavazi ya kihistoria jijini London, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza ambao matukio yake yanatokea mwaka 1885, na lebo yake ilitaja mwaka huohuo. Kuhusu sketi, duka halikukosea: chini ya kitambaa kuna fremu ya nyaya inayofungwa kiunoni na kuibinua sketi kwa nyuma mithili ya rafu, kama walivyovaa wanawake wa Uingereza kuanzia 1883 hivi hadi karibu na 1889. Mbele kitambaa kimeteremka wima, na marinda yameshonwa kwa uangalifu.

Tatizo ni mikono, ambayo imevimba kama puto kutoka begani hadi kiwikoni, kisha ikabana hadi kwenye kiganja. Mwaka 1885 mikono ilikuwa myembamba tangu kwapani. Uvimbe mdogo wa begani ulijitokeza mwishoni mwa mwongo huo, ukakua mwaka hadi mwaka, ukafikia kilele mwaka 1895, kisha ukasinyaa kwa haraka. Wakati huo fremu ilikuwa imekwisha kuachwa, na sketi zilikatwa kwa vipande vyembamba kiunoni vinavyopanuka kuelekea kwenye pindo, ili upana wa juu na wa chini ukifanye kiuno kionekane chembamba. Mikono hiyo ikikutana na fremu, umbo lote huharibika. Nilipomweleza mhudumu, alijibu kwa adabu kwamba zote ni nguo za enzi ya Victoria, malkia aliyetawala tangu 1837 hadi 1901!

Koseti, yaani vazi gumu la ndani linalobana kiuno, kwa upande wake inastahili sifa, kwani vyuma vyake havichomi na kamba za nyuma hazilegei. Hata hivyo, nilipoipima pamoja na fremu na sketi mbili za ndani, mizani ilipita kilo 4, nikawaelewa wanaharakati waliounda chama cha mavazi ya busara mjini London mwaka 1881, ambao walitaka nguo za ndani zisizidi takriban kilo 3.

Kwa mchezo wa 1885, ningelikodi tena sketi na koseti tu. Sisi tulifunika mabega kwa shali, na mwigizaji hakuivua hadi pazia lilipofungwa.