Uzoefu wangu: kupunguza mgandamizo wa injini ya Camaro Z28 ya mwaka 1970 ili iendeshwe barabarani kila siku

Camaro Z28 ya mwaka 1970, gari la michezo la Chevrolet, ilitoka kiwandani na injini ya LT-1 ya inchi za ujazo 350, yenye uwiano wa mgandamizo (yaani ni mara ngapi pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na mafuta) wa 11 kwa 1 na nguvu za farasi 360. Injini hiyo ilikusudiwa kutumia petroli ya daraja la juu ya enzi zake, iliyotiwa risasi na kufikia okteni (uwezo wa petroli kuhimili kubanwa bila kujiwasha) karibu 100 kwa kipimo cha maabara kiitwacho RON. Mimi huitilia petroli ya 98 isiyo na risasi, ambayo ndiyo bora kuliko zote ninazoweza kupata kituoni bila kuhangaika. Tathmini hii inahusu huduma niliyoilipia mwishowe, yaani kupimwa injini upya na kuwekewa pistoni za kutengenezwa kwa oda. Hata hivyo, sitakuwa mkweli nisipoeleza kwanza fedha nilizopoteza kabla ya kufika hapo.

Tatizo lenyewe lilikuwa kugonga. Nikipanda mlima kwa gia ya nne, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,500 kwa dakika, nilisikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Mlio huo hutokea pale mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao moto wa plagi haujaufikia unapojiwasha wenyewe kwa wingi wa joto na shinikizo, na mapigo yake yanaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Jambo la hatari ni kwamba ekzosi ya gari la aina hii ina kelele nyingi, hivyo mlio unaosikika ni sehemu ndogo tu ya kinachotendeka ndani. Nilipofungua plagi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona vidoadoa vya kung'aa vya alumini kwenye kauri nyeupe, na hapo nikafahamu kwamba pistoni zilikuwa zimeanza kuliwa.

Nilianza na chupa za dawa ya kuongeza okteni. Lebo ya ile niliyoinunua iliahidi kuongeza pointi 7, na ilinichukua muda kugundua kwamba katika biashara hiyo pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo nilichokuwa nikikinunua ni okteni 0.7. Kiambato chake cha manganizi kiliacha vumbi la rangi ya machungwa kwenye plagi zote nane. Sikuinunua tena.

Baadaye nilirudisha nyuma taimingi ya moto (jinsi plagi inavyowahi kuwasha kabla pistoni haijafika juu) kutoka jumla ya digrii 36 hadi 28. Kugonga kulipungua, lakini gari lilipoteza uchangamfu wake wote na sindano ya joto ikaanza kupanda, kwa kuwa mafuta yanayochelewa kuwaka humalizikia kuungua wakati pistoni inashuka na kupeleka joto lake kwenye ekzosi na kwenye maji ya radieta. Ilikuwa kama kumiliki farasi wa mbio na kumfunga miguu.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Karakana ya kwanza niliyoiendea ilinishauri niondoe gasketi (kizibo bapa) nyembamba ya chuma iliyokuwa chini ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, yenye unene wa milimita 0.4, na kuweka nyingine ya milimita 1.3. Kwa hesabu ya uwiano peke yake ushauri huo ulikuwa sahihi: silinda za injini yangu zilikuwa zimekwisha kuchongwa na kupanuliwa hadi kila silinda ikawa na ujazo wa sentimita za ujazo 727, na gasketi hiyo nene iliongeza nafasi ya juu ya pistoni kutoka sentimita za ujazo 72.7 hadi karibu 80.4, kwa hiyo uwiano ukashuka kutoka 11 hadi 10.05. Pamoja na hayo injini iliendelea kugonga, na nilishindwa kuelewa ni kwa nini.

Sababu ilielezwa na karakana ya pili, ambayo ndiyo ninayoitathmini hapa. Silinda hedi za injini hii zina sehemu bapa ambayo pistoni huikaribia sana inapofika juu, na ukaribu huo huukamua mchanganyiko kwa ghafla kuelekea upande wa plagi, ukauchanganya vizuri na kuufanya uwake upesi kabla haujapata muda wa kujiwasha. Mwanya unaofaa kwa kazi hiyo ni takriban milimita 1. Katika injini yangu pistoni zilikuwa zikiishia milimita 0.64 chini ya uso wa bloki, na kwa gasketi ya kwanza mwanya ulikuwa 1.04, yaani mzuri kabisa, lakini gasketi nene iliusukuma hadi 1.94 na kuufisha mkamuo huo. Nilikuwa nimelipa fedha ili kupunguza uwiano, na papo hapo nikaondoa kinga ambayo wahandisi wa Chevrolet walikuwa wameiweka.

Kilichonivutia katika karakana hii ni kwamba hawakutaja tiba kabla ya kupima. Walijaza kila chemba ya silinda hedi kwa kioevu kutoka kwenye bomba la maabara lenye vipimo na kupata sentimita za ujazo 64. Kisha walipima shinikizo la kila silinda na geji ikasoma pauni 190 kwa inchi mraba, hata kwa gasketi ile nene. Walichunguza pia kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu, na kukuta kwamba mmiliki aliyenitangulia alikuwa ameweka iliyo laini kuliko ya kiwandani ili injini itulie inaposimama. Jambo hili linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kamshafti laini huisaidia injini yenye mgandamizo mkubwa, kumbe ni kinyume. Kamshafti kali huchelewa kufunga valvu ya kuingizia hewa, hivyo sehemu ya mchanganyiko husukumwa nje pistoni inapoanza kupanda na shinikizo la kweli hupungua. Kamshafti laini hufunga valvu mapema, na injini ikabana karibu kila kilichoingia.

Walinipa njia mbili: kurudisha kamshafti kali na kuvumilia injini isiyotulia kwenye foleni, au kubakiza iliyopo na kubadilisha pistoni. Nilichagua ya pili. Kulikuwa na njia ya tatu, silinda hedi za alumini, ambazo huondoa joto upesi na huvumilia uwiano mkubwa zaidi, lakini zangu za chuma ndizo zilizotoka na gari na sikutaka kuziweka stoo.

Pistoni mpya ni za alumini iliyofuliwa, zenye kibonyeo cha sentimita za ujazo 13 upande wa plagi tu, huku upande wa pili ukiachwa bapa ili ukutane na sehemu bapa ya silinda hedi. Mtu mwingine angechonga uso wa bloki ili kuondoa ile milimita 0.64, lakini katika injini hizi namba za utambulisho zimegongwa kwenye uso huohuo, mbele ya silinda hedi ya kulia, na kuuchonga ni kuzifuta, jambo ambalo mkusanyaji wa magari ya kale halisamehe. Karakana iliagiza pistoni ambazo tundu la pini limeshushwa kwa milimita 0.6, nazo zikapanda hadi karibu kulingana na uso wa bloki pasipo chuma chochote kuguswa. Kwa gasketi ya milimita 1.0, mwanya umerudi 1.04 na uwiano umekuwa 9.5 kwa 1. Geji sasa inasoma pauni 172.

Je, nimepoteza nguvu? Kwa hesabu ya nadharia, kushuka kutoka 11 hadi 9.5 hupunguza ufanisi wa injini kwa takriban asilimia 4. Kiwanda chenyewe kilifanya vivyo hivyo mwaka 1971, General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, iliposhusha uwiano wa injini zake ili zikubali petroli ya okteni 91, na LT-1 ikawa na uwiano wa 9 kwa 1 na farasi 330. Barabarani, hata hivyo, nimepata zaidi kuliko nilichopoteza, kwa kuwa taimingi imerudi digrii 34 na digrii hizo zote hufikiwa injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, bila mlio wowote kwenye mlima uleule. Nilibadilisha pia kifaa cha vakyumu cha distribyuta, kinachowahisha zaidi moto wa plagi, ili kisiongeze zaidi ya digrii 10 ninapokwenda mwendo wa kawaida, na thermostati ya nyuzi 91 nikaweka ya 82. Sindano ya joto imetulia hata kwenye foleni.

Huduma hii ina kasoro. Kazi ilichelewa wiki tano kupita siku tuliyokubaliana, na kila nilipopiga simu jibu lilikuwa kwamba pistoni ziko njiani. Isitoshe, hakuna aliyenitahadharisha kwamba pistoni zilizofuliwa huwekwa kwa nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda na hutoa mlio mdogo wa kugonga injini ikiwa baridi. Asubuhi ya kwanza nilizima gari kwa hofu, nikidhani ugonjwa umerudi. Mlio huo hupotea baada ya dakika chache za kupasha moto. Vilevile kabureta ilirudishwa bila kurekebishwa, nami nikalazimika kubadili jeti (vitundu vinavyopimia mafuta) mwenyewe.

Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Mwenye LT-1 yenye kamshafti yake ya kiwandani na petroli nzuri huenda asihitaji kugharimika kiasi hiki, lakini kabla hajamwamini yeyote anayemwambia aweke gasketi nene, amtake kwanza apime pistoni zinaishia umbali gani kutoka uso wa bloki. Kipimo hicho hakichukui hata nusu saa silinda hedi ikishafunguliwa, na karakana yangu ya kwanza haikukifanya.