Xfce juu ya Debian: uzoefu wangu na eneokazi linalostahimili umeme wa kukatika

Kwa kompyuta ya Linux inayofanya kazi kila siku hapa Uganda, iwe ya ofisi ya uchapaji Wandegeya, ya karani wa shule Arua au ya mwanafunzi anayeandika tasnifu yake bwenini, mimi huchagua Xfce, eneokazi (yaani programu inayoleta menyu, paneli na madirisha kwenye skrini), juu ya toleo imara la Debian, mfumo mmojawapo wa Linux. Nimeyatumia na kuyahudumia pia maeneokazi mengine kama GNOME, KDE Plasma, Cinnamon na MATE, na ninawaheshimu waundaji wake. Ila ninalolitaka kwenye eneokazi ni hili: kompyuta iwake kesho jinsi ilivyokuwa leo hata kama umeme ulikatika katikati ya kazi, na ikiharibika itengenezeke papo hapo bila kununua bando. Kwa kipimo hicho Xfce imeyaacha mengine mbali.

Mashine ninazozizungumzia ni zile za mtumba zilizojaa kwenye maduka ya Kampala: HP EliteBook, Dell Latitude na ThinkPad za miaka ya 2011 hadi 2015, kichakataji Core i5, RAM GB 4, na diski ambayo kwa kawaida inafaa kubadilishwa mara moja iwe SSD ya GB 120 au 240. Xfce ikishawaka, kabla hujafungua programu yoyote, hula kati ya MB 500 na 700 za RAM. GNOME kwenye mashine hiyo hiyo hupita GB 1. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Firefox, LibreOffice na WhatsApp ya kivinjari vitakaa pamoja bila diski kuanza kusaga. Usidanganyike lakini: mlaji mkubwa wa RAM ni kivinjari, si eneokazi, na kuhamia LXQt au mengine mepesi zaidi hakukuokolei kiasi cha kutajika. Kinachosaidia kweli ni zram, yaani kubana sehemu ya RAM ili ibebe zaidi. Sakinisha kifurushi cha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, andika ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha:

sudo systemctl restart zramswap

Kwenye GB 4 utauona utofauti siku hiyo hiyo.

Sifa ya Xfce ninayoithamini kuliko zote ni kwamba haina haraka. Olivier Fourdan aliianza mwaka 1996. Kati ya toleo 4.12 la Februari 2015 na 4.14 la Agosti 2019 ilipita miaka zaidi ya minne. Debian 12 ya Juni 2023 ilikuja na Xfce 4.18, na Debian 13 ya Agosti 2025 ikaja na 4.20. Karani aliyefundishwa kazi kwenye 4.12 ukimkalisha leo mbele ya 4.20 atakuta menyu, paneli na folda mahali alipoviacha. GNOME hutoa toleo kila miezi sita. Toleo la 40, Machi 2021, liligeuza maeneo ya kazi kutoka wima kwenda mlalo. La 45, Septemba 2023, lilibadilisha namna viendelezi vinavyopakiwa, kwa hiyo kila kiendelezi kililazimika kuandikwa upya sehemu hiyo au kiache kufanya kazi. Debian hukukinga na mabadiliko hayo kwa miaka miwili hivi, kisha yote yanakushukia kwa mkupuo siku ya kuhamia toleo jipya. KDE Plasma nayo ilihama kutoka 5 kwenda 6 Februari 2024, na vidude vingi vya paneli vilivyotengenezwa kwa ajili ya 5 havikufuata.

Usakinishaji ni suala la data. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, na VAT ya asilimia 18 iko pale pale, kwa hiyo faili ndogo ya kusakinisha kupitia mtandao ni ndogo kwa jina tu: baada yake itavuta zaidi ya GB 1 kwa kila kompyuta. Kama una kompyuta zaidi ya moja, pakua mara moja picha ya DVD ya kwanza ya Debian, karibu GB 4, mahali penye intaneti isiyopimwa. Hiyo imebeba Xfce nzima. Linganisha alama yake kwa sha256sum, kwa sababu upakuaji uliokatika na kuunganishwa njiani huleta makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji. Iandike kwenye flashi ya GB 8, na ukiulizwa kuhusu seva ya mtandao jibu hapana. Baadaye fungua /etc/apt/sources.list, weka alama ya # mbele ya mstari wa cdrom na uongeze mstari wa deb.debian.org, la sivyo apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, itaendelea kukudai DVD. Kompyuta za biti 32 zibaki Debian 12, maana Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Kadi ya Wi-Fi isipotambulika, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ugavi wa intaneti. Debian huiona kama mtandao wa waya wa kawaida, hata ndani ya kisakinishi.

Kwa ofisi yenye kompyuta tano au kumi, weka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha pakuliwa, kwenye moja yake. Nyingine uzielekeze huko kwa faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mstari mmoja, ukibadilisha anwani iwe ya kompyuta hiyo:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Sasisho hulipiwa bando mara moja, kisha kompyuta zote hulichukua humo ndani. Anwani za hazina ziwe za http, kwa sababu za https hazihifadhiki hivyo. Kama huna mtandao wa ndani, tumia apt-get badala ya apt: apt hufuta vifurushi baada ya kusakinisha, apt-get huviacha kwenye /var/cache/apt/archives, nawe unaweza kuvibeba kwa flashi.

Sasa umeme. Hapa ndipo eneokazi hujulikana.

Umeme ukikatika ghafla, faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo inaweza kubaki tupu au nusu, hasa kwenye SSD za bei nafuu ambazo hazina akiba ya chaji ya kumalizia kuandika. Kwenye Xfce mwathirika wa kawaida ni paneli: kompyuta inawaka, picha ya nyuma ipo, lakini upau wa menyu haupo. Watu wengi hapo husakinisha mfumo upya. Hakuna haja. Mipangilio yote ya Xfce ni faili za maandishi ndani ya ~/.config/xfce4, na kila sehemu ni programu yake: paneli ni xfce4-panel, madirisha yanasimamiwa na xfwm4, eneokazi na xfdesktop. Moja ikianguka nyingine zinaendelea. Bonyeza Ctrl+Alt+T upate terminali, uandike:

xfce4-panel --quit
pkill xfconfd
mv ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-panel.xml ~/
xfce4-panel &

Paneli inarudi ikiwa mpya. Usiuruke mstari wa pili: xfconfd huishika mipangilio kwenye kumbukumbu, na usipoizima itaandika tena ile mibovu juu ya mizuri. Madirisha yakikosa vichwa vyake, yaani huwezi kuyasogeza wala kuyafunga, andika xfwm4 --replace & na yatarudi. Na kama kila ukiingia vitu vile vile vinakosekana, kosa limehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kipindi. Futa kilichomo ndani ya ~/.cache/sessions, kisha kwenye "Session and Startup" uondoe alama ya kuhifadhi kipindi wakati wa kutoka. Mimi huiondoa kwenye kila mashine siku ya kwanza.

Ukishamaliza kuipanga kompyuta, weka nakala: cp -a ~/.config/xfce4 ~/xfce4-akiba. Siku ya kuirudisha, toka kwanza kwenye eneokazi, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, ufute folda ya zamani na kunakili ya akiba mahali pake. Kwa kompyuta ya wateja kuna njia bora zaidi: weka faili ya paneli kwenye /etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml na kwenye mstari wa channel uongeze locked="*" unlocked="root". Mteja hawezi tena kuiburuta wala kuifuta, na kwa kuwa hakuna anayeiandika wakati wa kazi, umeme hauna cha kuharibu hapo.

Chini ya eneokazi kuna diski, nayo inahitaji mstari mmoja. Baada ya kukatika vibaya, Debian inaweza kusimama kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs ikisubiri uandike kwa mkono fsck, amri ya kukagua na kutengeneza diski. Mwalimu aliye Moyo au Kisoro hatajua la kufanya. Kwenye /etc/default/grub ongeza fsck.repair=yes ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, endesha sudo update-grub, na diski itajitengeneza yenyewe bila kuuliza.

Laptopu za mtumba zina betri zilizochoka, ambazo husoma asilimia 18 kisha kuzima papo hapo. Mpangilio wa kawaida wa UPower, huduma inayofuatilia betri, unangoja asilimia 2, ambayo betri hiyo haiifikii ikiwa hai. Fungua /etc/UPower/UPower.conf, weka PercentageLow=35, PercentageCritical=28, PercentageAction=22 na CriticalPowerAction=PowerOff, kisha uwashe upya huduma ya upower. Namba lazima zishuke kwa mpangilio huo, la sivyo zote hupuuzwa. UPS yenye waya wa USB huonekana humo humo kama betri, ingawa nyingi za bei ya chini hazitambuliki hadi uziwekee programu ya nut.

Kasoro zipo, na nyingine zinaudhi. Kwenye baadhi ya mashine za Intel za zamani video hukatika mistari ikipita. Jaribu xfwm4 --replace --vblank=glx & na ikikaa sawa ifanye ya kudumu:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx

Ikishindikana, zima kabisa vivuli na uwazi wa madirisha kwenye "Window Manager Tweaks". Mashine dhaifu itashukuru. Kasoro ya pili ni skrini kubaki nyeusi baada ya kompyuta kulala. Mara nyingi chanzo ni light-locker, programu ya kufunga skrini. Ctrl+Alt+F7 hukutoa hapo, na dawa ni kusakinisha xfce4-screensaver kisha kuondoa light-locker.

Ya tatu huonekana kama ugonjwa wa eneokazi lakini siyo: unaandika nenosiri sahihi, skrini inamulika, unarudishwa pale pale. Ingia kwa Ctrl+Alt+F3 uandike df -h. Diski ikiwa imejaa asilimia 100, Xfce haina pa kuandika faili zake za kuanzia; sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=100M huachia nafasi ya kutosha kuingia. Diski ikiwa na nafasi, tazama ls -l ~/.Xauthority. Ikiwa mmiliki ni root, mtu aliendesha programu ya madirisha kwa sudo. Irudishe kwa chown.

Kuhusu Wayland, njia mpya ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, 4.20 inaijaribu lakini xfwm4 bado ni ya X11, njia ya zamani, na kwa kazi za ofisi sioni hasara yoyote. GNOME 49 ya Septemba 2025 tayari imezima kipindi cha X11 kama chaguo la kawaida, basi mwenye programu za zamani za kudhibiti kompyuta kwa mbali ana sababu nyingine ya kubaki Xfce.

MATE ni nzuri, karibu sawa, nami simhamishi anayeitumia. Cinnamon hupendeza mgeni wa kutoka Windows, ila inategemea kadi ya picha: kwenye mashine yenye draiva mbovu hulazimika kuchora kila kitu kwa kichakataji, na feni haizimiki.

Plasma ndiyo ninayomshauri mtu mmoja tu aiweke badala ya Xfce: mwenye RAM GB 8 au zaidi na skrini mbili zenye msongamano tofauti wa nukta, mathalani wasanifu wa mabango wa Nasser Road wanaounganisha laptopu na skrini kubwa. Xfce hukuza maandishi vizuri lakini kuipa kila skrini kipimo chake cha asilimia 125 au 150 si jambo inaloliweza vizuri, na Plasma inaliweza. Kwenye diski ya kuzunguka azime kwanza kiorodheshaji cha faili kwa balooctl6 disable, maana siku za mwanzo kitaishika diski mfululizo kikisoma kila bango lililomo.