The Salt of the Earth: dokumentari ya Salgado, itafuteni muiangalie

Wadau wa picha, kama hamjaiona hii dokumentari inayomhusu Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil, naomba muiweke kwenye listi yenu wiki hii hii. Ni ya 2014, imetengenezwa na Mjerumani Wim Wenders akishirikiana na mtoto wa Salgado mwenyewe, Juliano, na inakaribia masaa mawili. Mimi nimeiangalia kwenye TV usiku nyumba nzima imelala na naona huo ndo muda wake, hii siyo ya kuangalia huku unachati.

Dokumentari nyingi za wapiga picha zinafanana, anakuja mtaalamu wa makumbusho anakueleza kwa nini picha ni bora, muziki unapigwa, picha inakaa sekunde mbili imeshapita. Hapa hakuna hiyo. Wenders amemkalisha mzee gizani mbele ya kioo ambacho picha zake zinatokea juu yake, kamera iko nyuma ya kioo hicho hicho, kwa hiyo Salgado anaangalia picha na papo hapo anakuangalia wewe, uso wake unajitokeza katikati ya picha halafu unapotea tena. Kipara, nyusi nyeupe, anaongea Kifaransa taratibu bila kujitutumua. Na picha inaachwa itulie, mpaka unaanza kuona vitu vya pembeni ambavyo kwenye kitabu ungefunua tu ukaendelea.

Zile za Serra Pelada, machimbo ya dhahabu ya Brazil, ndo zinafungua na aisee unakaa sawa. Shimo kubwa mno, watu kama 50,000, hakuna mashine, ni ngazi tu na viroba vya udongo mgongoni. Mimi miaka yote nikiziona hizi picha nilikuwa nafikiria utumwa, kumbe mzee anasema hapana, pale kuna wakulima na kuna wasomi, wote wamejipeleka wenyewe kufuata utajiri, na mwamba wa dhahabu ukipatikana kila aliyekuwa anabeba sehemu ile ana haki ya kuchagua kiroba kimoja, kinaweza kuwa na dhahabu kinaweza kuwa udongo mtupu. Baada ya kusikia hivyo rudi uangalie nyuso za wale watu kwenye ngazi. Picha inabadilika kabisa.

Huko nyuma alikuwa mchumi wa mambo ya kahawa, safari za kikazi za Afrika ndo zikamgeuza, na kamera yenyewe ilikuwa ya mkewe, Lélia. Hapa nina lalamiko. Lélia ndo amepanga vitabu vyake na maonyesho yake miaka yote, yaani nusu ya hii kazi ni yake, lakini kwenye filamu anapewa muda mdogo sana, anaonekana kama mke anayesubiri nyumbani. Sijapenda.

Sasa sehemu ya 1994. Watu wa Kagera hii inawahusu moja kwa moja, maana Salgado alifika Benako, Ngara, baada ya wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki mbili kuvuka daraja la Rusumo ndani ya kama siku moja hivi. Zinakuja picha za kambi, moshi, mahema, watu mpaka jicho linapoishia. Halafu anaingia Goma wakati wa kipindupindu, na kuna habari anayoisimulia ya baba aliyekuja amembeba mwanae aliyefariki, akamweka kwenye rundo la maiti, akageuka akaondoka anaongea na mwenzake. Mzee anasimulia hivyo na anakaa kimya, na Wenders hamuulizi kitu, anamwacha. Hapo nimempa heshima zake zote.

Baada ya yale Salgado alirudi kwao amevunjika, hana imani tena na binadamu, akaweka kamera pembeni. Shamba la baba yake kule Aimorés, Minas Gerais, lilikuwa limekauka, Lélia akasema tupande msitu upya, na mwaka 1998 wakaanzisha Instituto Terra. Miti zaidi ya milioni mbili. Maji yamerudi, wanyama wamerudi. Ndo akapata nguvu ya kupiga tena, safari hii wanyama, barafu, milima, na Juliano anamfuata mpaka kisiwa cha Wrangel huko Urusi kwenye baridi, na inaonekana wazi kijana kaenda zaidi kumfahamu baba ambaye utotoni alikuwa hayupo nyumbani. Aliyeiona dokumentari ya Mo & Me ya 2006, ile Salim Amin anamsimulia baba yake, mpiga picha za habari Mohamed Amin wa Nairobi, ataligundua lile jeraha haraka sana.

Lalamiko langu kubwa ni hili: Wenders anampenda mno huyu mzee kiasi kwamba lile swali gumu haliulizi. Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, aliliandika zamani, kwamba kwenye picha za Salgado watu wanaoteseka hawana majina, na mwenye jina ni mpiga picha peke yake. Masaa karibu mawili na hakuna hata mtu mmoja wa Benako aliyetafutwa akaulizwa, wewe ukijiona kwenye hii picha unasema nini. 2014 walikuwepo wengi tu waliopita kambi ile, na wengine walikuwa bado watu wazima wenye kumbukumbu safi. Salgado amefariki Mei 2025 kwa hiyo yeye haulizwi tena, ila wa kwenye picha bado wapo na hilo swali ni la kwao.

Nyota nne kati ya tano. Sehemu ya Rwanda na Goma msiwakalishe watoto wadogo, na waliopitia yale wenyewe wajue kabla hawajabonyeza, maana maiti zinaonyeshwa wazi na kwa muda mrefu. Kifaransa kisikutishe, anaongea polepole na sabtaito unaziwahi vizuri, ila tafuta skrini kubwa, kwenye simu zile picha za Serra Pelada zinageuka nukta tu.