Uzoefu wangu na Don't Starve Together: gemu inayojua chakula kinavyoharibika

Katika gemu zote za kuponea porini nilizocheza, sijaona inayolichukulia suala la chakula kuoza kwa uzito kama Don't Starve Together ya Klei, kampuni ya Vancouver, Kanada. Kupata chakula si kazi kubwa. Kazi ni kukiweka kifike majira ya baridi.

Siku moja ya gemu ni dakika 8. Nyama mbichi hukaa siku 6, ya kuchoma siku 10, iliyokaushwa siku 20. Utaijua hali yake kwa rangi. Kijani, kula. Ubichi wake ukishuka chini ya asilimia 50 inakuwa manjano: shibe inapungua kwa theluthi moja, na uponyaji unabaki theluthi tu. Chini ya asilimia 20 ni nyekundu, yaani shibe nusu, afya haiongezeki, na akili, yaani utimamu wa mhusika wako, inashuka kwa 10. Kikishaoza kabisa, tilia shamba mbolea.

Wanaoanza hudhani kasha la kawaida linahifadhi chakula. Halihifadhi, humo kinaoza kwa kasi ileile ya mfukoni. Kukiacha chini ndiyo hasara kabisa, kwa sababu kasi inakuwa mara 1.5. Jenga sanduku la barafu, linalotaka dhahabu 2 na gia 1 miongoni mwa vitu vingine. Lina nafasi 9, linapunguza kasi kwa nusu, wala halitaki stima. Gia ndiyo inayosumbua, maana ili uipate, mara nyingi sharti upigane na maadui wa mashine wenye umbo la vipande vya sataranji.

Lakini kifaa ninachokipenda zaidi ni chanja ya kukaushia: vijiti 3, makaa 2, kamba 3. Nyama kubwa inachukua siku 2, ndogo siku 1, na mvua ikinyesha ukaushaji unasimama, kwa hivyo anika mapema. Nyama ya kuchoma inakupa shibe 25 na afya 3. Iliyokaushwa inakupa shibe ileile 25, afya 20 na akili 15 juu yake. Sisi wa Mombasa tuliolelewa na ng'onda na papa mkavu hatuhitaji kushawishiwa. Jenga chanja sita hivi kabla ya kuhangaikia kitu kingine.

Kuna hesabu moja ambayo wengi hawaijui. Ukirundika vyakula vya aina moja, gemu inachukua wastani wa ubichi wao. Vipande 2 vilivyobakiwa na asilimia 10, ukiviunga na 8 vilivyotoka kuchinjwa, rundo zima linakuwa asilimia 82. Chungu nacho kinasaidia: viungo vilivyofika asilimia 50 hutoa chakula chenye 75, kwani nusu ya uharibifu inafutwa. Basi pika vya manjano kwanza, vya kijani viache sandukuni.

Baadaye, ukishakuwa na mashua, kuna sanduku la chumvi: mawe ya chumvi 10, kito cha buluu 1, jiwe la kuchonga 1. Linapunguza kasi hadi robo, kwa hivyo nyama mbichi ya siku 6 inafika siku 24. Ila linakubali vibichi tu. Nyama iliyokaushwa inakataliwa, na vilivyopikwa vilevile. Hivyo virudishe kwenye barafu, ambako nyama kavu inafika siku 40. Usivunje lile la kwanza.

Kinachonikera ni kwamba gemu haikuandikii asilimia yenyewe kwa tarakimu. Tena ukicheza na wenzako, kufungua ramani hakusimamishi chochote: nyama inaendelea kuoza ukitazama njia.

Kinachozuia kuoza kabisa ni kifurushi cha karatasi ya nta, chenye nafasi 4. Mchoro wake unautoa kwa malkia wa nyuki, adui mkubwa wa gemu, na huyo usimwendee peke yako.