Mtaji wa maarifa: bei ya soko au Navigator ya Skandia?

Njia ya kwanza ya kupima mtaji wa maarifa, yaani ujuzi, mahusiano na mifumo ya kampuni isiyoonekana kwenye hesabu zake, ni ya mkato: chukua thamani ya kampuni kwenye soko la hisa, toa thamani iliyomo kwenye vitabu vya hesabu, kinachobaki ndicho mtaji wa maarifa. Ila hisa zikiporomoka kwa sababu riba imepanda, ina maana wafanyakazi wamesahau kazi usiku mmoja?

Njia ya pili ni ya Skandia, kampuni ya bima ya Uswidi, iliyomkabidhi Leif Edvinsson jukumu la kuusimamia mtaji huo mwaka 1991. Navigator yao, mfumo wa vipimo vya mtaji huo, hutazama fedha, wateja, michakato, watu na maendeleo mapya: wangapi wanaacha kazi, kila mmoja anagharimiwa kiasi gani kwa mafunzo. Kuijaza kunachosha, na kulinganisha kampuni mbili ni shida. Kwa meneja, bado ningeichagua hii. Ile nyingine inawafaa wanunuzi wa hisa.