Makueni: bwawa la mchanga au kisima kirefu?

Mwaka 2015 Makueni ilikuwa kaunti ya kwanza Kenya kuwa na kanuni za mfuko wa tabianchi, zilizotenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Kamati ya wadi inapoketi kugawa fedha hizo, ubishi ni uleule: tujenge bwawa la mchanga au tuchimbe kisima?

Kwa gharama, bwawa linashinda. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu. Vikundi vya mwethya, yaani vya wanakijiji wanaosaidiana kazi, huleta mawe, mchanga na nguvu zao. Mafuriko hulijaza mchanga, maji yakajificha humo, jua lisiyafikie na mbu wasizaliane. Baada ya hapo matunzo ni machache. Adui wake ni malori ya wachimba mchanga, na kaunti ilibidi itunge sheria kuwadhibiti.

Kisima ni ghali na kina mashaka yake, maana maji ya chini Ukambani mara nyingi ni ya chumvi. Pampu ikifa, foleni ya mitungi inabaki palepale mpaka fundi atoke mjini.

Ila mvua zikikosa misimu miwili mfululizo, bwawa linaweza kukauka huku kisima kizuri kikiendelea kutoa.

Mna mto wenye mwamba chini na mchanga wa chembe kubwa? Mimi ningeanza na ukuta. Mko mbali na mto, mna shule na zahanati? Pimeni kwanza maji ya chini, kisha chimbeni, na bei ya kila mtungi wa maji ilipie fundi.