Mashine ya kupima sukari: miezi minne na Mama

Habari zenu, ndugu watazamaji. Hii mkononi mwangu ni mashine ya kupima sukari, hizi za kawaida za duka la dawa. Mama ana kisukari, na kwa miezi minne sasa kila asubuhi, kabla hajanywa chai, tunampima kwa hii.

Tazameni. Nachoma ubavuni mwa kidole. Katikati ya ncha panauma zaidi. Tone dogo tu, stripu, hiki kijikaratasi cha kupimia, inalivuta yenyewe. Sekunde tano: 6.8, yaani milimoli kwa lita ya damu.

Sasa sogeeni hapa. Mimi nimemenya embe, sijanawa. Najipima: 13.9! Nanawa kwa sabuni, nakausha, narudia: 5.3. Kidole kile kile. Ile ya kwanza ilikuwa sukari ya embe! Siku moja Mama alitaka kuongeza kidonge kwa namba ya namna hiyo, moyo ukanipasuka. Naweni kwanza, jamani.

Mashine yenyewe si ghali sana, pesa inaishia kwenye stripu. Kila kipimo stripu moja, unatupa, na za mashine hii haziingii kwenye nyingine. Ulizeni bei yake kabla hamjanunua. Kichupa kifungeni papo hapo, joto na unyevu wa huku Tanga huziharibu.

Usahihi je? Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu mashine ipishane na maabara hadi asilimia 15, sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Maabara ikisoma 7.0, hii inaweza kukupa 6 au 8 na bado ni nzima. Kwa hiyo nawaomba sana, msijitangazie kisukari kwa mashine ya nyumbani. Nendeni maabara: ni kisukari sukari ya kabla ya kula ikiwa kuanzia 7.0, au kipimo cha damu cha HbA1c kikiwa kuanzia asilimia 6.5, na kama huna dalili kipimo kinarudiwa. HbA1c inaonyesha hali ya sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Mwenye selimundu amweleze daktari mapema, maana kwake majibu yanaweza kupotosha.

Kwa kufuatilia, hapo naisifu kwa moyo wote. Oneni daftari la Mama. Jumatatu hii: 3.6, sukari imeshuka mno, anatetemeka, jasho linamtoka. Tukampa chai yenye sukari, baada ya dakika 15 tukapima tena: 5.1. Tulipokwenda kliniki, daktari aliukazia macho ukurasa huu, akampunguzia dawa.